Katikiro na Kalamu Yake: Tumsomeje Apolo Kagwa?

Wasomaji wetu wamezoea kuikuta kona hii ya uhakiki ikishughulika na riwaya na tamthilia zinazotahiniwa shuleni. Safari hii tunaomba radhi kutoka kidogo nje ya mstari. Tunamleta mwandishi ambaye vitabu vyake ni vya Kiganda, ambaye hatahiniwi katika somo letu, na ambaye wengi wa wanafunzi wetu humjua kama jina la barabara tu, ile inayopita pembeni ya mlima wa Makerere. Tunaamini kwamba mwalimu wa Kiswahili nchini Uganda ana haja naye, na tutajaribu kueleza kwa nini.

Kisa chenyewe kilianzia darasani. Tangu Taasisi ya Confucius ilipofunguliwa Makerere mwaka 2014, si jambo geni tena hapa Kampala kumkuta kijana anayesoma Kiswahili huku akijifunza na Kichina. Mmoja wa vijana hao, wakati tulipokuwa tukijadili nafasi ya tarihi katika fasihi ya Waswahili, alitusimulia habari za Sima Qian, mwandishi wa historia wa China ya kale, kisha akauliza: "Mwalimu, sisi tunaye mtu wa namna hiyo, mtumishi wa dola aliyekaa karibu na wafalme akawaandika?" Swali hilo lilikula kipindi kizima, na hata baada ya kipindi halikwisha, maana tulilibeba hadi chumba cha walimu ambako liligeuka ugomvi.

Kwa wasiomfahamu, Sima Qian alizaliwa yapata mwaka 145 K.K. Baba yake, Sima Tan, alikuwa mwanatarihi na mnajimu mkuu wa ikulu ya watawala wa Han, na alipofariki mwaka 110 K.K. alimwachia mwanawe cheo na kazi isiyokamilika ya kuandika historia yote ya China tangu mwanzo. Miaka michache baadaye jemadari mmoja, Li Ling, alishindwa vitani akajisalimisha kwa adui. Sima Qian peke yake alithubutu kumtetea mbele ya Mfalme Mkuu Wu. Kwa utetezi huo alihukumiwa, na badala ya kujiua kama ilivyotarajiwa kwa mtu wa heshima yake, alikubali kuhasiwa ili apate kuishi na kukimaliza kitabu. Alikimaliza. Kina sura 130, na mwisho wa sura nyingi ameweka maoni yake mwenyewe chini ya maneno ya kututahadharisha kwamba sasa ni mwanatarihi mkuu anayesema, hadithi imekoma. Msomaji hawezi kuchanganya mambo hayo mawili hata akitaka.

Sasa, wa kwetu ni nani? Mwanafunzi mmoja alimtaja Bwana Kitini wa Pate, aliyewasimulia Wazungu kadhaa habari za Wanabahani, kila mmoja akaandika nakala tofauti. Lakini Bwana Kitini alikuwa msimulizi, hakuwa mwenye madaraka. Mwingine akamtaja Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937 hadi kufariki kwake 1947, aliyeandika kwa Kiarabu historia ya Wamazrui wa Mombasa, yaani ukoo wake mwenyewe. Hapo tulisogea. Hata hivyo utawala wa Wamazrui ulivunjwa na Seyyid Said mwaka 1837, zaidi ya miaka hamsini kabla Sheikh hajazaliwa. Aliandika juu ya jambo lililokwisha, ambalo yeye hakuwa na mkono ndani yake. Ndipo mwanafunzi mmoja wa Kiganda, aliyekuwa kimya muda wote, akasema kwamba hatuna haja ya kwenda pwani.

Apolo Kagwa alizaliwa katikati ya miaka ya 1860, wa ukoo wa Nsenene, yaani panzi. Kama vijana wengi wa Buganda waliotafutiwa bahati, aliletwa ikulu akiwa mtumishi mdogo, akafanya kazi katika ghala za Kabaka. Alikuwa miongoni mwa walioitwa abasomi, neno ambalo Mswahili yeyote analielewa bila kamusi: wale waliokwenda kwa wamisionari kusoma. Mwaka 1886 Kabaka Mwanga alipowageukia wasomi hao, Kagwa alipigwa na kujeruhiwa na Kabaka kwa mikono yake mwenyewe, lakini hakuwa katika kundi lililochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni. Mwaka 1888 Mwanga alipinduliwa. Wakristo nao wakafukuzwa wakakimbilia upande wa Ankole, na katika vita vya kurudi aliuawa kiongozi wao Mkatoliki, Nyonyintono. Mwanga aliporejeshwa mwaka 1889, Kagwa akawa Katikiro. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitano hivi, na tangu hapo hakukitoa cheo hicho mkononi mpaka 1926.

Tafadhali msomaji aliangalie hilo vizuri kabla hatujakifungua kitabu. Mtu aliyejeruhiwa na Kabaka anakuwa waziri mkuu wa Kabaka huyo huyo. Mwaka 1897 Mwanga anatoroka Mengo na kuanzisha vita dhidi ya Waingereza. Katikiro wake hamfuati. Badala yake, mwezi wa Agosti mwaka huo, anashiriki kumweka kitini Daudi Chwa, mtoto wa Mwanga, aliyekuwa na umri wa mwaka mmoja tu, na yeye pamoja na Stanislaus Mugwanya na Zakaria Kisingiri wanakuwa walezi wa kiti. Mwanga anakamatwa 1899 pamoja na Kabalega wa Bunyoro na kupelekwa uhamishoni Shelisheli. Mwaka 1900, tarehe 10 Machi, walezi hao wanatia saini Mkataba wa Uganda na Sir Harry Johnston. Na mwaka 1901 kinatoka kitabu cha Katikiro juu ya wafalme wa Buganda.

Jina la kitabu lina mambo. Neno la kwanza, ekitabo, ni letu. Lilipanda kutoka pwani pamoja na misafara. Neno la pili ndilo zito. Sekabaka si Kabaka yeyote, ni Kabaka aliyekwisha kuondoka duniani. Basekabaka basi ni wafalme waliotangulia, waliomo makaburini. Lakini mwaka 1901 Mwanga alikuwa hai. Alikufa Shelisheli mwaka 1903, na mwili wake haukurudishwa Buganda mpaka 1910 ulipozikwa Kasubi kando ya baba yake, Mutesa. Toleo jingine la kitabu lilitoka 1912, na jingine tena 1927, yakiwa yamepanuliwa na kutia wafalme wa Bunyoro, Koki, Toro na Ankole. Kwa maneno mengine, kitabu kilianza maisha yake wakati Kabaka aliyepinduliwa alikuwa bado anapumua kisiwani, na mmoja wa waliompindua ndiye aliyeshika kalamu. Kwa mtazamo wetu, hakuna kisa katika riwaya tunazofundisha chenye kani kubwa kuliko hicho.

Tukija kwenye maandishi yenyewe, msomaji anayetarajia utamu wa hadithi atachoka mapema. Kagwa anakwenda Kabaka mmoja baada ya mwingine, kuanzia Kintu. Anataja mama wa Kabaka na ukoo wake, wake zake, watoto wake, Katikiro wake, machifu wake, vilima alivyojenga, vita alivyopigana, alipofia na alipozikwa. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Wanafunzi wetu tuliowapa kurasa chache walilalamika kwamba ni orodha. Ni kweli, ni orodha, na hapo ndipo ilipo siasa yake. Buganda haina ukoo wa kifalme kama zilivyo falme nyingi. Mtoto wa mfalme huhesabiwa katika ukoo wa mama yake. Kwa hiyo kila jina la mama linaloandikwa katika orodha ile ni dai la ukoo fulani kwamba nao uliwahi kuitoa Buganda mfalme. Na kila jina linaloachwa ni ukoo unaonyang'anywa dai. Orodha kavu ya wake na mama ni ramani ya madaraka, na aliyeichora alikuwa anaendesha baraza kila siku na wakuu wa koo hizo hizo. Yeye hakuhitaji kusifu wala kulaumu. Ilimtosha kuandika jina au kutoliandika.

Tunaona pia kwamba anaandika kama hakimu. Katikiro wa zamani alikuwa mwamuzi wa mashauri, na hata baada ya Mkataba kumpa Mugwanya cheo cha jaji mkuu, tabia ile ya kusikiliza, kukata shauri na kufunga faili haikumtoka. Katika sehemu kubwa ya kitabu hatuambiwi kwamba wazee wa huku walisema hivi na wa kule wakasema vile. Tunapewa hukumu. Sima Qian alitenga maoni yake ili tuyaone. Kagwa ameyayeyusha ndani ya habari kama chumvi katika mchuzi, unaionja lakini huwezi kuichota.

Kuna jambo moja ambalo walimu wa fasihi simulizi watalipenda. Hadithi ya Kintu na Nambi, ile ya binti wa mbinguni, Walumbe na kifo, ambayo kila mtoto wa Uganda huisikia, Kagwa ameiweka katika kitabu kingine, Engero za Baganda, pamoja na ngano za wanyama. Kintu wa Basekabaka ni mfalme, mtu wa kwanza katika orodha, mwenye watu na makao. Kwa hiyo mwandishi mmoja ametupa Kintu wawili katika vitabu viwili. Sisi tunaofundisha tofauti ya visasili, visakale na tarihi hutumia kipindi kizima kuchora majedwali ubaoni, kumbe Katikiro huyu aliichora tofauti hiyo mwanzoni mwa karne iliyopita kwa uamuzi wa kiutendaji tu: hiki kiende faili hili, kile faili lile. Tunajiuliza kama alifanya vema. Wataalamu waliokuja baadaye, Christopher Wrigley katika kitabu chake cha 1996 akiwa mmojawapo, wameona kwamba hata wafalme wa mwanzo wa orodha ni wa visasili kuliko wa historia. Wengine, kama David Henige, wameonyesha kwamba orodha zenyewe zilirefuka kadiri kalamu ilivyozoeleka: Speke, aliyefika 1862, alipewa orodha fupi sana ukiilinganisha na ya Kagwa, ambamo Mutesa ni wa 30 na Daudi Chwa wa 34. Semakula Kiwanuka, aliyekitafsiri kitabu kwa Kiingereza mwaka 1971 na kukiwekea maelezo, aliiamini zaidi orodha ile. Sisi si wanahistoria na hatutaamua ugomvi huo. Tunachosema ni kwamba mstari kati ya ngano na tarihi katika Buganda ulichorwa na mtu mwenye muhuri wa serikali, na tangu hapo wengi tumeufuata bila kumwuliza.

Je, alizipataje habari zake? Kwa kuwaita wazee. Kasisi John Roscoe, aliyechapisha kitabu kikubwa juu ya Waganda mwaka 1911, anakiri kwamba Kagwa ndiye aliyemletea wazee, wengine kutoka mbali, waje kuhojiwa. Mwanafunzi wetu anayekwenda uwandani na kinasa sauti chake anafundishwa kwamba mtafiti asimtishe mtoa habari. Tumtazame basi mtoa habari huyu: mzee mlinzi wa kaburi la Kabaka wa karne iliyopita, anaitwa Mengo na Katikiro mwenyewe, ambaye anaweza kumpa au kumnyima kiwanja, kumweka au kumwondoa kazini. Atasema nini? Tena tukumbuke kwamba walinzi wa makaburi walikuwa watu wa dini ile ya zamani ambayo Katikiro, Mprotestanti thabiti, aliisaidia kuiangusha. Hata hivyo, na hapa tunataka kuwa waadilifu, bila ya kuitwa kule mengi ya waliyoyajua yangezikwa nao. Mtu yule yule aliyewavunjia kazi yao ndiye aliyeyaandika waliyoyajua. Baadhi ya wenzetu katika chumba cha walimu hawataki kuyasikia mambo haya mawili kwa pamoja. Mmoja anamwona Kagwa shujaa, mwingine anamwita mnyang'anyi, na kila mmoja ana nusu ya ushahidi.

Anayemwita mnyang'anyi anatoa hoja ya ardhi. Mkataba wa 1900 ulitenga maili za mraba 8,000 kwa machifu na wamiliki binafsi wapatao 1,000, na Kabaka akapewa 350. Neno mailo, ambalo leo limo katika kila kesi ya kiwanja hapa Kampala, limezaliwa na maili hizo. Wagawaji walikuwa machifu, na Kagwa alikuwa mkuu wao. Ardhi iliyogawanywa haikuwa tupu; ilikuwa na makaburi ya koo, na wenye makaburi hayo ni bataka, wakuu wa koo. Waliokuta vilima vya babu zao vimeandikwa kwa jina la mtu mwingine walinung'unika kwa miaka mingi, na kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1920 manung'uniko yakawa harakati kamili, mpaka ikaundwa tume ya uchunguzi mwaka 1924. Upande wa pili wa kesi alisimama Katikiro. Sasa angalia kinachotusumbua sisi wahakiki: huyu huyu ndiye aliyeandika kitabu juu ya koo za Buganda na kingine juu ya ukoo wake wa Nsenene. Anajua kila ukoo umezika wapi. Ameandika kwa mkono wake ushahidi ambao bataka wangeweza kuutumia dhidi yake.

Twawaza kwamba hapa ndipo Kagwa anapokaribiana na Sima Qian, ingawa kwa njia ya kinyume kabisa. Sima Qian aliumizwa na mfalme, na kitabu kikawa ndicho kitu pekee kilichomwacha na heshima. Kagwa naye aliumizwa na mfalme, lakini akaishi kumwona mfalme huyo akiondoka kwa meli, yeye akabaki na kiti, ardhi, cheo cha Sir alichopewa 1905, na mashine yake ya kuchapia. Mmoja aliandika kwa sababu hakubakiwa na kingine. Mwingine aliandika ilhali anacho kila kitu. Kwa nini basi aliandika? Watu wa cheo chake waliridhika na kujenga nyumba. Kuna wanaosema aliandika kujihalalisha, na hatuwezi kuwakatalia. Lakini kujihalalisha hakuhitaji vitabu vingi vile: wafalme, koo, desturi katika Empisa za Baganda, ngano. Hakuhitaji kuorodhesha wake wa Kabaka ambaye hakuna aliye hai anayemkumbuka. Sisi tunaona kwamba alijua anachokivunja, na kwamba alikuwa na haraka.

Wala hakuachiwa aseme peke yake. Ham Mukasa, aliyekuwa katibu wake katika safari ya Uingereza ya 1902 walipokwenda kushuhudia kutawazwa kwa Edward VII, aliandika habari za safari hiyo, zikatoka kwa Kiingereza 1904, na miaka mingi baadaye akaandika historia yake ya siku za Makabaka, Simuda Nyuma, iliyoanza kutoka 1938. Bartolomayo Zimbe alichapisha ya kwake 1939. James Miti, chifu mwenzake, aliacha mswada mrefu ambao haumstahi Katikiro hata kidogo. Gazeti la Munno la Wakatoliki lilikuwapo tangu 1911. Kwa ufupi Buganda ilijaa watu wa ofisini waliokuwa wanaandika historia, na wengi wao walikuwa wanajibizana na kitabu kimoja. Hata aliyemchukia Kagwa alilazimika kuanza na orodha yake.

Mwisho wa mtu mwenyewe haukuwa mkubwa kama tungeuandika sisi katika tamthilia. Hakuangushwa na bataka wala na Kabaka. Mwaka 1926 aligombana na afisa mmoja wa Kiingereza juu ya nani mwenye mamlaka ya kutoa vibali vya pombe, akaona serikali haimwungi mkono, akajiuzulu baada ya miaka 37. Alifia Nairobi mwezi wa Februari 1927. Vibali vya pombe! Mtu aliyepitia 1886, 1888, 1892 na 1897.

Tunarudi sasa kwenye Kiswahili, maana mhariri wetu ameshauliza mara mbili habari hizi zinaingiaje katika jarida la idara yetu. Zinaingia kwa mlango wa tafsiri. Mwanafunzi wetu anayetoka Gulu, Arua au Mbale, asiyejua Kiganda, humsoma Kagwa kwa Kiingereza cha Kiwanuka. Tukitaka kumweka katika mtaala wa fasihi ya Afrika Mashariki kwa Kiswahili, tutafanya kama tunavyofanya daima, tutachukua Kiingereza na kukigeuza, na Kiganda kitapotea njiani. Tunapinga njia hiyo. Kiswahili na Kiganda ni ndugu, na kumpitisha ndugu London ili aje kumsalimia ndugu yake ni gharama isiyo na maana. Pia kuna deni la zamani. Kizazi cha Kagwa kilianza kusoma kwa vitabu vya Kiswahili kabla Biblia nzima haijapatikana kwa Kiganda mwaka 1896. Miaka miwili baada ya Kagwa kufa, mwaka 1929, Daudi Chwa aliandika kupinga Kiswahili kufanywa lugha rasmi, na sote tunaofundisha hapa tunajua jinsi pingamizi lile lilivyoishi. Katiba iliporekebishwa 2005 Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaamua tena kukitilia nguvu. Lakini amri haimfanyi Mganda aone kwamba lugha hii inaweza kubeba mambo yake. Kurasa ishirini za Basekabaka katika Kiswahili safi zingefanya zaidi.

Tumejaribu kurasa chache na wanafunzi wa mwaka wa tatu, na ugumu haukuwa pale tulipoutarajia. Majina ya vyeo tumeyaacha kama yalivyo: Kabaka, Katikiro. Sekabaka tumeliacha pia, baada ya mtu kupendekeza "marehemu Kabaka" na darasa kuguna, kwani marehemu ni mtu aliyeombewa rehema, na wafalme wale wa kale hawakuombewa bali waliombwa. Taabu ilianzia kwenye vifo. Kiganda cha ikulu hakisemi kwamba Kabaka amekufa. Husema ameficha mkono, au kwamba moto umezimika, maana moto wa langoni mwa ikulu huzimwa kweli. Moto uliozimika unaingia Kiswahili bila taabu. Lakini "ameficha mkono" kwa Mswahili ni mtu aliyetupa jiwe, au mkosaji wa aina fulani. Wanafunzi wa kutoka Mombasa na Mtwara walicheka kabla hatujamaliza kusoma sentensi. Tulijaribu "amejisitiri", halafu "amejifunika", halafu tukarudi kwenye mkono. Kwa sasa tumeamua mkono ubaki na msomaji wa pwani azoee, kama sisi wa bara tulivyozoea semi zake za jahazi na tanga bila ya kuwa na bahari.

Neno lililotushinda kabisa ni bataka. Linatokana na ettaka, ardhi, udongo. Katika Kiswahili taka ni ya jalalani. Kijana mmoja aliandika kwa unyofu "wenye taka", na ingawa tulicheka, yule mwanafunzi wa Kiganda aliyetuanzishia habari yote hii hakucheka. "Wenye ardhi" haifai, maana hilo ndilo hasa walilonyimwa. "Wakuu wa koo" inataja cheo na kuacha makaburi. "Wenyeji" ni jepesi mno. Mtu akapendekeza "wenye mji" kwa mfano wa pwani, lakini wenye mji wa Lamu hawakuwa na shauri la mailo. Na mtafsiri hawezi kukaa katikati hapa, kwani neno atakalochagua litakuwa limeshakata ile kesi ya 1924 kwa niaba ya upande mmoja, kama Katikiro alivyokuwa akikata kwa kuandika jina au kutoliandika.

Semina ya tafsiri itaendelea muhula ujao, Alhamisi alasiri, chumba kile kile cha juu. Nakala za kurasa za Kimera na za Suna zipo kwa katibu wa idara. Mwenye neno la bataka aje nalo.